Koo Linalouma Bila Kutibiwa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Watu wengi Nairobi huchanganya koo la aina mbili. Kuna koo la ghafla, linaloanza leo na kuisha ndani ya wiki, na kuna koo linalosumbua wiki baada ya wiki. La kwanza likipuuzwa kwa mtoto linaweza kuishia kwenye moyo. La pili likitibiwa kwa antibiotiki kila mara, ugonjwa wenyewe unabaki pale pale. Majibu yafuatayo yanashughulikia yote mawili, na kila moja tumelipa nafasi yake.

Koo likiuma kwa muda gani ndipo tuseme ni sugu?

Koo la mafua kwa kawaida huuma siku tatu hadi saba. Likipita wiki moja bila dalili ya kupungua, nenda ukaangaliwe. Likipita wiki tatu, hilo si la mafua tena, na dawa ya kutuliza maumivu peke yake haitoshi. Sauti iliyokauka kwa zaidi ya wiki tatu nayo ina sheria hiyohiyo: mtu aangaliwe ndani ya koo kwa kifaa, hata kama hana maumivu.

Kuna pia koo linalokuja na kuondoka. Mtu anaugua, anapona kabisa, kisha baada ya mwezi linarudi. Hilo ni tofauti na koo lisiloisha, na daktari atataka kujua lako ni lipi. Andika tarehe.

Je, koo haliponi lenyewe bila dawa?

Mara nyingi hupona. Sehemu kubwa ya maumivu ya koo huletwa na virusi, na virusi havisikii antibiotiki. Mwili unajisafisha. Ukiwa na mafua, kikohozi, macho mekundu na sauti imekauka, karibu kila mara ni virusi, na kununua antibiotiki ni kupoteza pesa na kuwazoesha bakteria wengine dawa.

Shida ni kwamba hata koo la bakteria huacha kuuma lenyewe baada ya siku tatu hadi tano. Mzazi anaona mtoto amerudi kucheza, anashukuru Mungu, anasahau. Maumivu yamekwisha, lakini ndani ya mwili kinga imeshaanza kujiandaa, na hapo ndipo madhara yanapoanzia.

Madhara hayo ni yapi hasa?

Linalotisha zaidi ni homa ya rumatiki, ambayo wengine huiita homa ya baridi yabisi. Inaletwa na bakteria mmoja, streptokoka wa kundi A. Mwili unatengeneza kingamwili za kupigana naye, lakini sehemu za bakteria huyu zinafanana na sehemu za moyo, viungo na ubongo wetu. Kingamwili zinakosea adui na kushambulia mwili wenyewe.

Hutokea wiki mbili hadi nne baada ya koo kuuma, zaidi kwa watoto wa miaka 5 hadi 15. Goti linavimba na kuuma, siku mbili baadaye goti limepoa na kifundo cha mguu ndicho kinachouma, kisha kiwiko. Mtoto ana homa, anachoka, pengine moyo unamdunda akiwa ameketi tu. Wengine, hata miezi kadhaa baadaye, huanza kurusha mikono na uso bila kukusudia, mwandiko unaharibika, anamwaga chai, anaitwa mtundu darasani. Mtoto huyo ni mgonjwa na hastahili adhabu.

Viungo hupona. Moyo huenda usipone. Vali, hasa ile iliyo kati ya vyumba viwili vya upande wa kushoto, hupata makovu. Hazifungi vizuri au hazifunguki vizuri. Kila koo jipya la streptokoka likiongezeka, kovu linaongezeka. Kuna wanawake wanaojua kuwa vali zao ni mbovu wakiwa na mimba ya miezi sita, pale moyo unaposhindwa kusukuma damu iliyoongezeka na wanaanza kukosa pumzi wakilala chali. Wengine hujulia kwenye kiharusi. Kufikia hapo tiba ni upasuaji wa moyo na dawa za maisha.

Hapa Nairobi viungo vinavyouma kwa kuhamahama mara nyingi hupimwa brusela na taifodi, mtoto anapewa dawa za hizo, na hakuna anayeuliza kama koo lilimuuma mwezi uliopita. Ukiwa mzazi, liseme wewe kabla hujaulizwa.

Ni watoto wote wenye koo watakaopata ugonjwa wa moyo?

Hapana. Ni wachache sana kati ya wanaougua koo la streptokoka, na hao nao ni sehemu tu ya wote wenye koo. Lakini hakuna anayeweza kukuambia mapema ni mtoto yupi, na kinga yake ni antibiotiki ya kawaida isiyo ghali. Penisilini ikianzwa ndani ya siku 9 tangu koo kuanza kuuma bado inazuia homa ya rumatiki. Kwa hiyo ukichelewa siku tatu ukisubiri mshahara au ukisubiri Jumatatu, bado hujachelewa. Nenda.

Hatari ni kubwa zaidi panapoishi watu wengi ndani ya chumba kimoja, kwa sababu bakteria hawa husafiri kwa matone ya mate. Chumba kimoja cha mabati kinacholaza watu sita, bweni la shule lenye vitanda vilivyobanana: hapo mtoto mmoja akiugua, wengine hufuata.

Nitajuaje kama ni bakteria au ni virusi?

Kwa macho peke yake huwezi kuwa na uhakika, hata daktari. Lakini zipo dalili ambazo wahudumu huzihesabu. Kila moja kati ya hizi ni alama moja: homa inayopita nyuzi 38, kutokuwa na kikohozi, tezi zilizovimba na kuuma mbele ya shingo, chini ya pembe ya taya, na tonsili zilizovimba au zenye usaha. Mtoto wa miaka 3 hadi 14 anaongezewa alama moja, mtu wa miaka 45 na zaidi anapunguziwa moja. Alama sifuri au moja, uwezekano wa streptokoka ni mdogo. Tatu na kuendelea, mtoto apimwe au atibiwe siku hiyohiyo.

Angalia pia ngozi. Kuna upele mdogo sana unaoambatana na koo hili, kifuani, tumboni na kwenye mikunjo ya makwapa. Kwenye ngozi nyeusi hauonekani vizuri. Papasa kwa kiganja, utausikia ukikwaruza.

Kuangalia koo la mtoto nyumbani: mketishe akitazama dirisha, washa tochi ya simu, tumia mpini wa kijiko safi. Kandamiza ulimi sehemu ya mbele hadi katikati tu. Ukigusa nyuma atatapika. Mwambie aseme "aaa". Tonsili ni vinundu viwili, kushoto na kulia. Ziangalie kama zimelingana, kama ni nyekundu sana, kama zina madoa meupe au ya manjano. Angalia kidakatonge, kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya koo, kama kimekaa katikati. Sekunde tano zinatosha.

Kama mtoto anadondokwa na mate, anainama mbele ili apumue, au anapumua kwa sauti ya kukoroma akiwa macho, usimwangalie koo kabisa. Njia ya hewa inaweza kuziba ghafla. Mpeleke hospitali akiwa ameketi wima.

Vipimo gani vinafaa?

Kijiti cha pamba kinachopakwa kwenye tonsili zote mbili na ukuta wa nyuma wa koo. Kikigusa ulimi na mashavu tu, majibu hayana maana. Kipimo cha haraka hutoa majibu ndani ya dakika 10 hivi. Kuotesha bakteria maabara huchukua siku moja hadi mbili. Vyote vifanywe kabla ya antibiotiki, kwa sababu hata dozi moja au mbili zinaweza kuficha bakteria.

Maabara nyingi mtaani hupima damu kipimo kiitwacho ASO. Hicho kinaonyesha kuwa mwili uliwahi kukutana na streptokoka. Hakisemi kama koo la leo ni lake. Kinasaidia pale homa ya rumatiki inaposhukiwa. Kukitumia kumtibu kila mwenye koo ni kukitumia vibaya.

Ikiwa ni streptokoka, dawa ni ipi na kiasi gani?

Kuna njia mbili zinazotumika sana. Ya kwanza ni sindano moja ya benzathini penisilini kwenye msuli: yuniti 1,200,000 kwa mwenye kilo 27 na zaidi, yuniti 600,000 kwa aliye chini ya hapo. Inauma, lakini inamaliza kazi, na inafaa sana kwa mtoto anayetema dawa au mzazi anayejua hatakumbuka. Ichomwe kituoni ambapo pana adrenalini, na mgonjwa asiondoke kwa nusu saa, kwa ajili ya wachache ambao mwili wao huikataa penisilini. Sema mapema kama amewahi kuvimba uso au kuwashwa mwili mzima baada ya dawa ya aina hiyo. Zipo dawa nyingine.

Ya pili ni amoksilini ya kunywa kwa siku 10: miligramu 50 kwa kila kilo ya mtoto kwa siku, isipite miligramu 1,000. Hapa ndipo mambo huharibika, na tunaomba usome hesabu hii polepole. Mtoto wa kilo 18 anahitaji miligramu 900 kwa siku. Dawa ya maji yenye miligramu 250 kwa kila mililita 5 itakuwa mililita 18 kwa siku. Kwa siku 10 ni mililita 180. Chupa ya kawaida ni mililita 100. Inaisha siku ya sita. Ukipewa ile dhaifu ya miligramu 125 kwa mililita 5, chupa inaisha hata kabla ya siku ya tatu kukamilika. Mzazi hakuwa mzembe. Aliambiwa "mpe mpaka iishe", akampa mpaka ikaisha. Kabla hujatoka kwenye duka la dawa, uliza chupa ngapi zitafika siku ya kumi.

Chupa nyingi za aina hii zikishachanganywa na maji hudumu siku 7 tu nje ya friji. Soma maandishi kwenye yako. Kwa hiyo chupa ya pili usiichanganye mpaka ya kwanza iishe. Tumia maji yaliyochemshwa yakapoa, jaza mpaka kwenye alama, tikisa, subiri povu lishuke, ongeza tena mpaka alama ifike. Pima kwa bomba la sindano lisilo na sindano, kwa sababu vijiko vya jikoni havilingani.

Septrini, tetrasaiklini, au tembe mbilimbili za antibiotiki kutoka kwa duka la dawa?

Septrini haiwaondoi streptokoka kwenye koo na haizuii homa ya rumatiki. Tetrasaiklini vivyo hivyo haifai, na kwa watoto wadogo inaharibu rangi ya meno. Tembe mbili au nne za amoksilini zinapunguza maumivu kwa siku moja, bakteria wanabaki. Penisilini na amoksilini bado zinamuua streptokoka wa kundi A popote. Ni jambo la kushukuru, na hakuna sababu ya kutafuta dawa kali zaidi kwa mgonjwa asiye na mzio.

Tahadhari moja kwa vijana. Kuna virusi vinavyoleta koo lenye usaha, tezi nyingi shingoni na uchovu wa wiki kadhaa. Kijana mwenye virusi hivyo akinywa amoksilini hutoka upele mwili mzima. Huo kwa kawaida si mzio wa maisha. Muhimu zaidi, bandama huvimba, kwa hiyo asicheze raga, mpira wala ndondi kwa wiki tatu hadi nne. Bandama iliyovimba ikigongwa inaweza kupasuka.

Mtoto alishapata homa ya rumatiki. Sasa?

Anahitaji benzathini penisilini kila wiki tatu au nne, kwa miaka. Kama moyo haukuguswa, ni miaka 5 au mpaka afike 21, ile iliyo ndefu zaidi. Kama moyo uliguswa ukapona, miaka 10 au mpaka 21. Kama vali zimebaki na kasoro, miaka 10 au mpaka 40, na wengine zaidi. Afanyiwe picha ya moyo ya ekokadiografia. Akihama shule au akienda ushago likizoni, kadi ya sindano iende naye. Wengi huacha wanapoingia shule ya bweni, kwa kuwa hakuna aliyemwambia matroni.

Na figo zinahusikaje?

Siku kumi hivi baada ya koo kuuma, wakati mwingine hadi wiki tatu, mtoto anaamka uso umevimba, hasa kuzunguka macho, na mkojo umekuwa mweusi kama strungi. Presha inapanda. Kingamwili zimenasa kwenye vichujio vya figo. Mpeleke siku hiyohiyo apimwe mkojo na presha. Watoto wengi hupona vizuri, lakini presha isipodhibitiwa inaweza kuleta degedege. Hapa antibiotiki ya mapema haitoi kinga ya uhakika kama inavyofanya kwa moyo.

Jipu la koo hutokeaje?

Maambukizi hutoka kwenye tonsili na kuingia nyuma yake, usaha unajikusanya. Mgonjwa, mara nyingi kijana au mtu mzima, atakuambia koo liliuma pande zote, likaanza kupoa, kisha likarudi kwa ukali upande mmoja. Mdomo haufunguki vizuri. Mate hayamezeki. Sauti inakuwa nzito na iliyozibika. Ukitazama, kidakatonge kimesukumwa upande wa pili. Tembe peke yake haziondoi usaha. Lazima utolewe kwa sindano au kwa kupasuliwa kidogo, na maumivu hupungua karibu papo hapo. Ukiachwa, usaha hushuka kwenye shingo na kifua, au mshipa mkubwa wa shingoni unaganda damu. Hayo ni mambo ya chumba cha wagonjwa mahututi.

Koo langu limeuma miezi minne. Nimemaliza antibiotiki mara tatu. Mbona haliponi?

Kwa sababu pengine hakuna bakteria wa kuua. Kwa mtu mzima, koo la miezi mara nyingi ni koo linalochokozwa kila siku na kitu kingine. Acha kununua dozi ya nne na tafuta hicho kitu.

Tindikali ya tumbo ni mojawapo ya yanayosahaulika zaidi. Inapanda usiku, inaunguza koo, na si lazima usikie kiungulia. Dalili zake ni kuamka na koo kavu lenye uchungu, kusafisha koo kila dakika, hisia ya donge lisilomezeka, sauti nzito asubuhi. Fikiria ratiba ya mtu anayefanya kazi mjini: foleni ya Thika Road, anafika nyumbani saa tatu usiku, anakula ugali na nyama ya kukaanga, saa nne amelala. Tumbo bado limejaa. Acha saa tatu kati ya chakula na kulala. Ukishindwa, kula mlo mkubwa mchana na usiku ule kidogo. Inua kichwa cha kitanda sentimita 15 hadi 20 kwa kuweka matofali au vipande vya mbao chini ya miguu ya upande wa kichwa. Kurundika mito hakusaidii: mwili unakunjika kiunoni na tumbo linabanwa zaidi. Omeprazoli, dawa ya kupunguza tindikali, inywewe nusu saa kabla ya kifungua kinywa, kila siku, kwa muda aliosema daktari. Kuinywa pale tu koo linapouma ni kuipoteza. Na kama huna kiungulia kabisa, mara nyingi haibadilishi sana hali ya koo.

Kamasi inayoshuka nyuma ya koo ndiyo ya pili. Hawa hupiga chafya asubuhi, pua zinawasha, zinaziba usiku, wanalala mdomo wazi na koo linakauka. Vumbi la Januari na Februari huwazidishia. Baridi ya Julai, madirisha yakifungwa na blanketi za zamani zikitolewa sandukuni, huwazidishia tena. Wauzaji wa mitumba wanaofungua marobota wanaijua hali hii vizuri, na barakoa wakati wa kufungua inasaidia kweli. Dawa yenye nguvu ni ile ya kupuliza puani yenye steroidi. Inamisha kichwa mbele kidogo, tumia mkono wa kulia kwa tundu la kushoto na wa kushoto kwa la kulia, elekeza mdomo wa chupa kwenye upande wa sikio, usielekeze kwenye ukuta wa katikati, vuta hewa taratibu. Ikipita kooni ukaisikia ladha, umevuta kwa nguvu mno. Inahitaji wiki moja au mbili kila siku kabla hujaihukumu. Matone ya kuzibua pua kwa haraka ni kitu kingine; yasizidi siku tano, yakizidi pua huziba kuliko mwanzo.

Sauti nayo. Makanga anayeita abiria tangu saa kumi na moja alfajiri, mhubiri wa mtaani, mwalimu wa darasa la wanafunzi sabini: nyuzi za sauti zinapigana siku nzima mpaka zinaota vinundu. Kunong'ona si kupumzisha sauti, kunazikaza zaidi. Nyamaza, au ongea kwa sauti ya chini ya kawaida.

Angalia pia dawa zako. Enalapril na jamii yake za presha huleta kikohozi kikavu kinachokwaruza koo kwa miezi. Usiache mwenyewe, mwambie daktari akubadilishie.

Moshi una uzito gani katika haya yote?

Mkubwa. Jiko la makaa ndani ya chumba, stovu ya mafuta taa, takataka zinazochomwa nyuma ya ploti, sigara, shisha, moshi wa matatu barabarani. Utando wa koo unakauka na kuvimba, na vinyweleo vinavyosukuma kamasi hulegea, kwa hiyo vijidudu hupata makao. Mtoto anayelala kwenye chumba kinachopikiwa ataugua koo tena na tena, dawa yoyote utakayompa. Washa jiko nje mpaka makaa yawe mekundu ndipo uliingize, fungua dirisha na mlango ili hewa ipite, na usilale na jiko ndani hata kwa baridi ya Julai. Hilo la mwisho ni la uhai: gesi ya makaa huua watu usingizini. Wachomelea vyuma na mafundi wa rangi wa jua kali wanahitaji barakoa yenye chujio. Kitambaa cha kufunga puani hakizuii gesi.

Nina utando mweupe mdomoni na kumeza kunauma.

Utando ukikwanguliwa na kuacha wekundu, huenda ni fangasi. Hutokea kwa wanaotumia pampu ya pumu yenye steroidi bila kusukutua mdomo baadaye, wenye kisukari kisichodhibitiwa, waliotumia antibiotiki mfululizo, na watu wenye kinga iliyoshuka. Mtu mzima asiye na sababu nyingine apimwe HIV na sukari. Kipimo cha HIV ni bure katika vituo vya umma. Koo la ghafla lenye homa, upele na tezi, wiki mbili hadi nne baada ya kushiriki ngono bila kinga, linaweza kuwa mwanzo wa HIV. Kipimo cha mapema huenda kisionyeshe, kirudiwe kama utakavyoelekezwa. Kisonono pia hukaa kooni, mara nyingi bila dalili.

Utando wa kijivu ulioshikamana na tonsili, unaotoa damu ukiguswa, kwa mtoto asiyechanjwa, ni dharura. Huo unaweza kuwa dondakoo. Chanjo yake hutolewa mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14.

Na usisahau kifua kikuu. Kinaweza kukaa kwenye kisanduku cha sauti. Sauti imekauka, kikohozi kimepita wiki mbili, jasho la usiku, uzito unashuka: omba kupimwa makohozi. Kipimo na dawa ni bure kwenye vituo vya umma.

Ni lini nifikirie saratani?

Maumivu ya upande mmoja yasiyohama kwa wiki tatu. Sikio la upande huo linauma ilhali sikio lenyewe ni zima. Uvimbe shingoni, hasa usiouma. Chakula kigumu kinakwama, kisha laini, kisha maji. Damu kwenye mate. Tonsili moja kubwa kuliko nyingine kwa mtu mzima. Pua inayoziba na kutoa damu upande mmoja. Lolote kati ya haya linatosha kukupeleka kwa daktari wa masikio, pua na koo, usisubiri yakusanyike.

Tumbaku na pombe pamoja huzidisha hatari kuliko kila kimoja peke yake. Saratani ya umio, mrija unaopeleka chakula tumboni, ni miongoni mwa zinazoua sana Kenya, na Shirika la Utafiti wa Saratani la WHO lilitangaza mwaka 2016 kuwa vinywaji vya moto unaopita nyuzi 65 huenda vikasababisha saratani hiyo. Chai usiiache, iache tu ipoe mpaka uweze kuimeza bila kuipuliza.

Jambo jingine dogo lenye uzito: koo au taya linalobana ukipanda ngazi na kuachia ukipumzika huenda si ugonjwa wa koo. Huenda ni moyo. Nenda leo.

Mtoto anakoroma na tonsili zake ni kubwa. Zikatwe?

Ukubwa peke yake si sababu. Msikilize akilala. Akikoroma, akanyamaza sekunde kadhaa, kisha akashtuka akivuta pumzi, hapati hewa ya kutosha. Mchana ana usingizi au hatulii, anakojoa kitandani baada ya kuwa ameacha, masomo yanashuka. Ikiachwa miaka, presha ya mishipa ya mapafu hupanda na upande wa kulia wa moyo unachoka. Mrekodi kwa simu dakika mbili akiwa amelala, daktari aione.

Kwa maambukizi yanayorudi, upasuaji hufikiriwa akiugua mara 7 ndani ya mwaka mmoja, au mara 5 kila mwaka kwa miaka miwili, au mara 3 kila mwaka kwa miaka mitatu, na kila mara iwe imeandikwa kituoni. Ndiyo maana kile kijitabu cha kliniki ni mali.

Na kukata kidakatonge?

Usikubali. Kidakatonge si chanzo cha kikohozi, kutapika wala kukonda kwa mtoto. Watoto wameletwa hospitalini wakivuja damu, wakiwa na pepopunda au maambukizi ya damu kwa sababu ya kisu kilichotumika kwa wengine. Kikohozi kilichompeleka kwa mkataji kinabaki bila kutibiwa.

Nyumbani nifanye nini?

Chumvi nusu kijiko cha chai kwenye kikombe cha maji ya uvuguvugu, mililita 240 hivi. Sukutua koo sekunde 30, tema, rudia mara tatu au nne kwa siku. Mtoto chini ya miaka 6 atayameza, kwa hiyo usimpe. Paracetamol ya mtu mzima: tembe mbili za miligramu 500 kila saa sita, zisizidi nane kwa siku; mtoto, miligramu 15 kwa kila kilo ya uzito kwa dozi moja, kila saa sita. Asipirini usimpe aliye chini ya miaka 16. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au mimba aepuke ibuprofeni.

Tangawizi, ndimu na asali hutuliza, isipokuwa kwa mwenye tindikali, ambaye ndimu itamuunguza zaidi. Asali hairuhusiwi kwa aliye chini ya mwaka mmoja. Kujifukiza juu ya sufuria kumeunguza watoto wengi. Bafu lenye mvuke linatosha. Mafuta taa usimpe mtu yeyote anywe au asukutue: yakiingia mapafuni ni hatari kuliko koo lenyewe.

Niende wapi, na nibebe nini?

Anza zahanati au kituo cha afya cha umma kilicho karibu. Huduma za msingi hapo hugharamiwa na SHA, bima ya afya ya taifa iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, na kujisajili ni kwa *147#. Kituo kitakuandikia barua ya rufaa kwenda hospitali ya Mbagathi, Mama Lucy Kibaki au Kenyatta ukihitaji mtaalamu. Beba orodha ya dawa ulizokunywa, pamoja na vifuko vyake hata vikiwa vitupu, tarehe koo lilipoanza, na kijitabu cha chanjo cha mtoto.

Asiyeweza kumeza mate, anayepumua kwa shida au kwa sauti, asiyeweza kufungua mdomo, mwenye shingo iliyovimba au ngumu, au mtoto ambaye hajakojoa kwa saa nane, asipange foleni ya zahanati. Piga 999 au 112, au gari la wagonjwa la Msalaba Mwekundu 1199, au panda chochote kinachofika hospitali haraka.

Mtoto arudi shule lini?

Kama ni streptokoka, baada ya saa 12 hadi 24 za antibiotiki na homa ikiwa imeisha. Kikombe, kijiko na mswaki wake viwe vyake peke yake. Mswaki ubadilishwe akimaliza dawa. Mwandikie mwalimu saa za dawa iliyobaki, na kama kuna mwingine nyumbani anayeumwa koo wiki hiyohiyo, nenda naye kliniki siku moja na huyo.